Pikipiki ilikuwa inapona nikichomeka geji, nikichomoa inaumwa tena

Hii ishu imenila wikendi mbili nzima na nusura inigombanishe na shemeji yangu, kwahiyo naiandika yote kama ilivyokwenda pamoja na zile sehemu nilizochemka, maana nikiweka jibu la mwisho peke yake mtu ataona ni kitu cha dakika tano, na kweli jibu lenyewe ni la dakika tano, ila kulifikia sasa.

Mi niko Mtwara mjini, Chikongola. Sio fundi pikipiki, riziki yangu ni wairingi za majumbani, ila spana ninazo na pikipiki nimezishika tangu kijana. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anakaa Lindi na ana Suzuki GS500 ya mwaka 1996, aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ukisema pikipiki huku kwetu mtu anawaza bodaboda, silinda moja kabureta moja, fundi yeyote wa chini ya mwembe anaifungua huku anapiga stori. Hii ni mnyama mwingine. Silinda mbili zimekaa sambamba, cc 487, inapozwa kwa hewa tu hamna rejeta, na kila silinda ina kabureta yake.

Akaja nayo Jumamosi asubuhi kutoka Lindi, na mi niliisikia kabla sijamuona. Ikiwa sailensa, yani injini inawaka bila kupigwa resi, ilikuwa inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinachora duara, ukiachia resi ekzosi inapiga pah pah, pah. Akaniambia na mafuta siku hizi inakunywa, zamani lita moja ilikuwa inampeleka kilomita 22 au 23 na sasa hivi akifika 16 anashukuru. Alishaipeleka kwa fundi huko huko Lindi, fundi akaishika shika siku nzima, akamwambia tayari, ikatulia wiki moja hivi alafu ikarudi kule kule.

"Shem, we nitengenezee tu, nikienda nayo kazini watu wanageuka kama napita na mashine ya kukoboa."

Nikashuku kabureta zake mbili haziko sawa. Sasa kabla sijaendelea nieleze kusawazisha kabureta ni nini, maana hata mimi mwanzoni nilikuwa nakujua kwa kusikia tu. Ndani ya kila kabureta kuna kibamba cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa, mafundi wanakiita batafulai. Ukiwa na kabureta mbili una milango miwili, lakini waya wa resi ni mmoja na unavuta mlango mmoja, ule wa pili unafuata kwa kupitia kiungo katikati ya kabureta chenye skrubu na springi. Skrubu hiyo ikikaa vibaya mlango mmoja unakuwa wazi zaidi ya mwenzake. Ukiwa kwenye resi kubwa hutajua, tofauti ya unywele kwenye mlango uliofunguka wote ni nini bwana, lakini kwenye sailensa milango iko wazi kidogo sana, kwahiyo huo unywele ndo kila kitu, silinda moja inabeba mzigo na nyingine inaburuzwa.

Geji ya vakyumu, yani ya kupima mfyonzo, inaingia hapo. Pistoni ikishuka inafyonza hewa, batafulai inaizuia, kwahiyo kati ya batafulai na silinda panakuwa na mfyonzo. Kadiri mlango ulivyofungwa zaidi ndivyo mfyonzo unavyokuwa mkubwa. Hii isome mara mbili kwa sababu watu wengi wanaigeuza, wakiona upande mmoja geji inasoma juu wanasema huo ndo wenye nguvu. Hapana. Unaosoma juu ndo uliobanwa.

Shida ya kwanza ilikuwa geji yenyewe. Nikaenda kwa jamaa yangu fundi friji akaniazima zile geji zake za kujazia gesi, ile ya bluu kweli inasoma chini ya sifuri, lakini sehemu ya vakyumu imebanwa kwenye kona ndogo tu ya sahani, kipande chote kilichobaki ni presha, na mshale ulivyokuwa unaruka ruka nikaona hapa nasoma upepo. Nikamrudishia. Nikaagiza geji ya vakyumu peke yake kutoka Gerezani, Kariakoo, ikaja na basi. Inasoma kwa sentimita za zebaki, 0 mpaka 76. Ndo maana kisa chenyewe kimeingia wikendi ya pili, shemeji akaacha pikipiki kwangu akarudi Lindi na kosta.

Nilinunua geji moja kwa makusudi, sio kwa ubahili (sawa, na ubahili kidogo). Ukinunua mbili za bei rahisi hazisomi sawa, utasawazisha geji badala ya injini. Moja inadanganya pande zote mbili uongo ule ule, na hapa namba yenyewe sio ishu, ishu ni zifanane. Sisi tuko usawa wa bahari, ukipanda na pikipiki hiyo hiyo Newala huko juu ya uwanda wa Makonde mshale utasoma chini kidogo na injini iko sawa tu.

Ila geji moja na silinda mbili unafanyaje? Ukichomeka huku, usome, uchomoe uchomeke kule, kila ukichomoa injini inavuta hewa inabadilika mlio, hufiki popote. Nilichofanya, nikaenda duka la dawa nikanunua seti mbili za dripu. Ile mipira ya dripu ina kile kigurudumu cha kubania ambacho nesi anakizungusha kupunguza matone. Nikakata, nikaunga mipira miwili kwenye kiungo cha T, cha ule mpira unaopeleka maji ya kuoshea kioo cha gari, mguu wa tatu ukaenda kwenye geji. Mpira mmoja kabureta ya kushoto, mwingine ya kulia, vyote vimechomekwa muda wote. Ukitaka kusoma kushoto unabana gurudumu la kulia, ukitaka kulia unabana la kushoto. Na faida ya pili ambayo sikuitegemea, ukilibana nusu lile unalosoma, mshale unatulia. Injini ya silinda mbili kila silinda inafyonza mara moja kwa mizunguko miwili, kwahiyo bila kubana mshale unapiga kama wiper, hausomeki na geji unaiua. Unabana mpaka mshale unatetemeka kidogo tu. Ukiuona umetulia tuli kama saa iliyosimama basi umebana mpaka umeziba, legeza.

Nionye tu, mpira wa dripu ni wa hewa hapo, usiutumie kupitisha petroli, unakakamaa na kuvuja. Petroli nilipitisha kwa mpira wake.

Ya awali nipite haraka. Kabla ya kugusa skrubu ya kusawazisha unahakikisha vitu vingine viko sawa, vinginevyo unasawazisha ugonjwa. Kliarensi za vavu, yani ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye vavu, nikapima injini ikiwa ya baridi kabisa, kwenye hii pikipiki inatakiwa 0.03 mpaka 0.08 milimita, zote zilikuwa ndani. Chujio la hewa chafu, nikalipuliza. Jeti ndogo za sailensa, vile vitundu vya kupitishia petroli, nikazitoa, zinapitisha mwanga, nikazipuliza pia. Plagi nikazitoa na hapa ndipo nilipopewa jibu mkononi nikalitupa. Ya kushoto nyeusi ti, masizi. Ya kulia nyeupe kama majivu. Yani silinda mbili za injini moja, moja inashiba mafuta mpaka inatapika na nyingine inakula hewa kavu. Nikasema aah, hiyo si ndo kabureta kutokuwa sawa, nikazisugua plagi nikarudisha. Nyeupe maana yake hewa nyingi mafuta kidogo, nilijua hilo, ila sikujiuliza hiyo hewa inaingilia wapi.

Jumamosi ya pili basi. Nikaitoa nje chini ya mkorosho, sio ndani, moshi wa ekzosi unaua na hautoi taarifa. Tanki nikalitoa maana skrubu yenyewe iko katikati ya kabureta na unaifikia kwa juu na bisibisi ndefu. Petroli nikaweka nusu lita kwenye chupa, nikaining'iniza kwenye tawi mbali na injini, ndoo ya mchanga pembeni. Mbele ya injini nikaweka feni ya sebuleni, ile ya kusimama, kwa sababu injini ya kupozwa na hewa ikisimama inaunguruma bila kutembea inajichoma yenyewe. Mke wangu akatoka akaona feni yake inapuliza pikipiki, akaangalia, akarudi ndani bila kusema kitu. Hiyo niliilipia baadae.

Nikaipasha moto dakika kumi hivi. Kwenye kabureta ya kushoto kile kijibomba cha vakyumu ndicho kinachokwenda kwenye koki ya mafuta, kwa sababu koki ya pikipiki hii inafunguliwa na mfyonzo wa injini, injini ikizima nayo inajifunga. Nikachomoa mpira huo nikachomeka wangu. Kwenye kabureta ya kulia kijibomba kimevalishwa kofia ya mpira tu, ndogo kama ncha ya kidole cha mtoto. Nikaivua nikaiweka mfukoni, nikachomeka mpira wangu. Iwekeni akilini hiyo kofia.

Kushoto 19. Kulia 24.

Nilifurahi kama nimeona dhahabu. Tofauti ya 5, mkosaji huyo hapo, kulia imebanwa. Nikaingiza bisibisi, nikazungusha kidogo sana, robo ya robo, nikapiga resi mara moja ili vitu vikae, nikasoma tena. Kila ukizungusha lazima upige resi alafu usubiri itulie, usipofanya hivyo springi inakudanganya. Mzunguko mwingine, sailensa inapanda kwahiyo unairudisha chini na ile nobu yake mpaka mizunguko 1200 kwa dakika, unasoma tena. Katikati umeme ukakatika, feni ikasimama, ndio, hapa hapa Mtwara penye gesi, nikazima injini nikakaa kunywa chai nusu saa. Uliporudi nikamalizia. 21 na nusu kushoto, 21 na nusu kulia.

Na injini ilibadilika mbele ya macho yangu. Ule mtetemo ukaondoka, vioo vikatulia ukajiona uso, mlio ukawa mmoja badala ya miwili inayogombana. Nikapiga resi nikaachia, hamna pah hata moja. Jirani yangu mzee mmoja alikuwa barazani kwake akanyoosha dole gumba. Nikazima, nikachomoa mipira yangu, kofia nikaitoa mfukoni nikaivalisha, mpira wa koki nikarudisha, tanki juu, boliti, nikampigia shemeji njoo uchukue chuma chako.

Akaja jioni. Nikawasha mbele yake kwa mbwembwe.

Sailensa ikaenda 1500 na kitu, ikashuka, ikapanda, inatetemeka kuliko ilivyokuja. Nikapiga resi nikaachia, haishuki haraka, inaning'inia juu kwanza alafu ndo inashuka na ekzosi inapiga pah pah pah kama fataki za mwaka mpya.

"Shem," akasema, kwa upole ule mbaya, "si ilikuwa afadhali nilivyoileta?"

Na alikuwa sahihi, ndo kilichouma. Usiku huo sikula vizuri.

Jumapili asubuhi nikatoa tanki tena, nikachomeka mipira tena, nikiwa na uhakika kwamba skrubu imejizungusha. Nikawasha. 21 na nusu, 21 na nusu. Laini kama cherehani. Sijagusa kitu. Nikazima, nikarudisha kila kitu, nikawasha, ugonjwa huu hapa. Yule mzee barazani akaniita, "Njomba, hiyo si ilipona jana? Mbona unaipeleka wodini kila siku?" Nikamwambia mzee hata mi sielewi, ikiwa na dripu inapona, nikiitoa dripu inaumwa. Nilisema kama utani, ila nilivyosema nikasimama pale pale.

Yani geji haipaswi kuitibu injini. Geji ni ya kutazama tu. Kama injini inapona ikichomekwa na kuumwa ikichomolewa, basi kuna kitu kinabadilika kati ya kuchomeka na kuchomoa, na hicho kitu sio skrubu. Nikakaa kwenye ndoo nikahesabu vinavyobadilika. Kimoja, tanki. Petroli ya chupa dhidi ya petroli ya tanki, labda tankini kuna maji au mafuta yaliyochakachuliwa. Cha pili, mpira wa koki. Kwenye hizi koki za vakyumu ndani kuna ngozi nyembamba, ikitoboka injini inafyonza petroli kwa kupitia ule mpira wa vakyumu moja kwa moja kwenda silinda ya kushoto. Na plagi ya kushoto si ilikuwa nyeusi! Nikasema nimemkamata. Cha tatu, ile kofia, lakini kofia ni kofia tu, nikaipita.

Nikaanza na koki. Mpira wake wa vakyumu nikaunusa, nikaupuliza, mkavu kabisa hamna hata harufu ya petroli. Nikaweka koki kwenye PRI, hapo petroli inashuka bila kutegemea mfyonzo, mpira wa vakyumu nikauchomoa kwenye koki nikauziba kwa boliti. Yani koki haimo tena kwenye hesabu. Nikawasha, bado inaumwa. Sawa, sio koki. Na kwa kuwa sasa inaumwa, nikachomoa mpira wa petroli kwenye tanki nikaunga kwenye chupa yangu huku kila kitu kingine kikiwa vile vile. Bado inaumwa. Sio petroli.

Wakati huo shemeji alikuwa amelala hapa hapa kwangu, akatoka na mswaki mdomoni akauliza mbona hukuangalia mipira inayoshika kabureta na injini, hiyo si ndo huwa inapasuka. Swali zuri, na mi niliangalia, Jumamosi, nilichukua ile chupa ya kupulizia maji nguo za kupiga pasi nikanyunyiza pale injini ikiwa inanguruma, maji yakiziba ufa mlio unabadilika hapo hapo. (Wengine wanapulizia dawa ya kusafishia kabureta, inafanya kazi vizuri zaidi lakini unapuliza kitu kinachowaka juu ya injini ya moto, mi maji yananitosha.) Mlio haukubadilika. Ila nilivyokuwa namjibu nikajisikia mjinga, kwa sababu nilipima wakati geji imechomekwa. Yani nilimpima mgonjwa malaria akiwa ameshameza dawa.

Nikachukua chupa ya maji tena, sasa geji haipo, kofia imevaa, tanki halipo nipate nafasi. Nikanyunyiza mpira wa kushoto, hamna kitu. Wa kulia, hamna kitu. Mkono ukateleza kidogo maji yakaenda juu ya ile kofia ndogo, na sailensa ikashuka kutoka 1500 mpaka 1200 kama mtu kakata kamba. Sekunde mbili, maji yakafyonzwa yakaisha, ikapanda tena. Nikanyunyiza tena, ikashuka. Shemeji akatoa mswaki mdomoni.

Kofia nikaivua nikaikagua. Kwa juu nzima, nyeusi, hata inang'aa. Ukiishika mkononi huoni chochote. Nikaivalisha kwenye ncha ya bisibisi ikatanuka, na kwa chini, upande unaotazama injini, ufa ukafunguka kama mdomo. Mpira wa miaka karibu 30, joto la injini chini na jua la Lindi juu, ungetegemea nini. Ukiuvua unajifunga wenyewe, ndo maana nilivyouweka mfukoni na kuutoa sikuona kitu.

Baada ya hapo kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani. Ufa unaingiza hewa silinda ya kulia bila kupitia kwenye kabureta, kwahiyo ile silinda inapata hewa isiyokuja na mafuta, plagi nyeupe, na ndo hiyo pah pah ukiachia resi. Fundi wa kule alisikia sailensa iko juu na haitulii, akasawazisha kwa sikio, na sikio lake sio baya, alibana batafulai ya kulia mpaka hewa ya mlangoni pamoja na hewa ya ufa vikalingana na kushoto. Alafu ili kuua ile milipuko akalegeza skrubu za mchanganyiko wa petroli na hewa pande zote mbili mafuta yaongezeke, kulia ikapata nafuu, kushoto ambayo haikuwa na tatizo ikaanza kuzama kwenye petroli, plagi nyeusi, na lita za shemeji zikawa zinaishia hapo. Wiki moja baadae ufa ukapanuka kidogo, hesabu yake ikaharibika.

Alafu nikaja mimi na geji. Nilipovua kofia nikachomeka mpira wa dripu nikawa nimeziba ufa bila kujua, na geji ikaniambia ukweli mtupu kwamba batafulai ya kulia imebanwa kupita mwenzake, 24 kwa 19. Nikazisawazisha sawa kabisa, kwa injini isiyovuja. Alafu nikairudishia uvujaji. Yani nilimvua mgonjwa fimbo ya kutembelea, nikamwambia umepona, nikamrudishia mguu mbovu. Lazima iwe mbaya kuliko ilivyokuja.

Na laiti ufa ungekuwa sehemu nyingine, kwa mfano kwenye ule mpira mkubwa wa kushikia kabureta, geji isingeuziba na hadithi ingekuwa tofauti. Ningeona namba hazilingani, ningezilazimisha zilingane kwenye sailensa kwa kubana batafulai ya kulia, kama fundi alivyofanya kwa sikio, na ningepiga picha ya geji nikatamba. Dalili yake ungeiona ukipandisha mpaka 3000 hivi. Pale milango imefunguka zaidi na ule ufa unakuwa mdogo ukilinganisha na hewa yote inayopita, kwahiyo ile batafulai iliyobanwa inaumbuka, upande wake unasoma juu kuliko mwenzake. Zikilingana kwenye sailensa na kuachana kwenye 3000, acha skrubu, tafuta panapovuja. Hii sasa hivi ndo kitu cha kwanza ninachoangalia.

Tiba ikawa ya aibu. Kipande cha mpira wa petroli urefu wa sentimita tatu, boliti fupi imeziba upande mmoja, klipu ndogo upande wa kijibomba. Shilingi ngapi hata sijui, vyote vilikuwa kwenye boksi langu. Geji nikairudisha kuhakikisha, bado 21 na nusu pande zote, nikapandisha 3000 zikaenda pamoja. Skrubu za mchanganyiko nikazirudisha ndani kidogo kidogo, upande mmoja mmoja, natafuta pale sailensa inapokuwa juu na laini alafu naishusha na nobu mpaka 1200. Plagi mpya mbili. Nikavalisha ile ziba yangu mpya, tanki, koki ON, nikawasha nikiwa nimeshika pumzi kidogo.

Vioo vimetulia.

Tukaijaribu mpaka Mikindani na kurudi, mi naendesha shemeji nyuma, kwenye kona za kule baharini nikaachia resi makusudi nisikilize, kimya. Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe kwamba Lindi mpaka kwangu na kurudi imekuja karibu 22 kwa lita. Bado kuna mtetemo kidogo ukikamata 5000 na kuendelea, huo nimemwambia aishi nao, ni pikipiki ya silinda mbili sio gari la harusi. Ile mipira mikubwa ya kabureta na oringi zake bado mizima ila nimemwambia aagize, ina umri ule ule na ile kofia.

Feni nayo imebidi niisafishe, ilikuwa inanuka petroli sebule nzima, na mke wangu kasema siku nyingine nipulize kwa mdomo.

Geji imebaki kwangu na habari zimesambaa, juzi dogo mmoja wa bodaboda kaja na silinda yake moja anataka na yeye asawazishiwe kabureta. Nikamuuliza tuisawazishe na ya nani?